Kuhubiri Kwaresima ya Mwaka A: kisima, tope na kaburi

Mhubiri anayeanza kuifikiria Kwaresima Jumamosi jioni, kesho yake ikiwa Jumapili ya kwanza, amekwisha kuchelewa. La kusema hatalikosa. Shida ni kwamba atatoa mahubiri sita yasiyojuana: wiki hii kufunga, wiki ijayo zaka, ya tatu ulevi, ya nne vijana na simu zao. Waumini wataifikia Pasaka wamekaripiwa mara sita na hawajapelekwa popote. Jambo hili linaniuma, kwa sababu Kwaresima ndiyo wakati ambapo hata mtu asiyekanyaga kanisani mwaka mzima huja, akapakwa majivu, akakaa na kusikiliza.

Kipindi hiki kina mahali kinakokwenda, nako ni usiku wa Kesha la Pasaka, wakatekumeni wanapobatizwa na waliobatizwa zamani wanaporudia ahadi zao. Kwa sehemu kubwa Kanisa la kale liliipanga Kwaresima kwa ajili ya hao waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, na jumuiya nzima ikafunga pamoja nao. Basi anzia mwisho. Andika kwanza mahubiri ya Kesha, hata kama ni sentensi mbili tu, ndipo urudi nyuma kupanga Jumapili zinazoelekea huko.

Ninawaandikia hasa makatekista wa vigango na wainjilisti wa mitaa, kwa kuwa ndio wanaosimama mimbarini Jumapili nyingi ambapo padre au mchungaji yuko kigango kingine. Nafuata mpangilio wa masomo wa miaka mitatu, A, B na C, unaotumiwa na Wakatoliki na, kwa tofauti ndogo, Waanglikana wengi na wengineo. Walutheri wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) wana kalenda yao, lakini Injili nitakazozikazia hapa ni za wote.

Kujua uko mwaka gani ni rahisi. Chukua mwaka ambao Kwaresima inaangukia, ugawe kwa 3. Ikibaki 1 ni Mwaka A, ikibaki 2 ni Mwaka B, isipobaki kitu ni Mwaka C. Mwaka 2026 unabakiza 1, kwa hiyo ni A: Jumatano ya Majivu 18 Februari, Jumapili ya tatu 8 Machi, Matawi 29 Machi, Pasaka 5 Aprili. Kwa Wakatoliki, parokia yenye wakatekumeni inaruhusiwa kusoma Injili za Mwaka A katika Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano hata kama mwaka ni B au C. Ruhusa hiyo haitumiwi vya kutosha.

Hesabu ya siku 40 pia iwe tayari mdomoni, maana utaulizwa. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Jumapili sita, zinabaki 40. Jumapili hazihesabiwi kuwa siku za kufunga kwa sababu kila Jumapili, hata ndani ya Kwaresima, ni sikukuu ya ufufuko.

Karatasi moja kabla ya majivu

Wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu, kaa na karatasi moja na Biblia. Soma Injili zote sita kwa mfululizo, kwa sauti, siku hiyo hiyo. Kisha kwa kila Jumapili andika sentensi moja inayosema Mungu anafanya nini katika somo hilo. Mtendaji wa sentensi awe Mungu au Yesu. Ukimaliza, kagua: kama sentensi zako zinaanza na "tunapaswa" au "inatubidi", umeandika orodha ya amri. Futa, anza upya. Wajibu wetu utakuja wenyewe ndani ya mahubiri, na utapokelewa vizuri zaidi ukitanguliwa na alichofanya Mungu.

Kwa Mwaka A karatasi inaweza kusomeka hivi. Yesu anashinda pale Adamu na Israeli waliposhindwa. Mungu anawaonyesha utukufu watu watakaouona msalaba muda si mrefu. Yesu mwenye kiu anamnywesha aliyekuja kuteka. Yesu anamtafuta aliyefukuzwa. Yesu analia, kisha anamwita aliyekufa. Mfalme anaingia mjini akijua kinachomngoja. Zisome mfululizo uone kwamba zina mwendo.

Jumatano ya Majivu

Majivu yatokane na matawi ya mwaka uliopita. Watangazie waumini wayarudishe wiki mbili kabla. Yaliyokaa mwaka mzima nyuma ya picha ukutani ni makavu na huungua vizuri. Mabichi hutoa moshi na masizi tu. Yachome ndani ya kopo au sufuria kuukuu, yaache yapoe kabisa, yatwange, uyachekeche kwa chujio la chai. Usichanganye na maji. Majivu na maji hutoa magadi makali yanayoweza kuchubua ngozi, hasa ya watoto. Paka makavu, au weka matone machache ya mafuta.

Ibada nyingi siku hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi au jioni baada ya kazi, na foleni ya majivu ni ndefu. Mahubiri yasizidi dakika saba. Injili ni Mathayo 6:1-6, 16-18, na ndani yake mna mgongano usioweza kuukwepa: Yesu anasema tufunge kwa siri na tunawe uso, nasi tunatoka kanisani na alama nyeusi kwenye paji la uso. Kila mwenye akili anauona mgongano huo, na mhubiri anayeupita kimya anapoteza nafasi nzuri. Majivu si beji ya kuonyesha kwamba tumefunga. Ni ungamo, mbele ya yeyote atakayetuona kwenye daladala, kwamba sisi ni mavumbi na tunahitaji rehema. Yoeli 2:13, somo la kwanza la siku hiyo, linakubaliana: "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu."

Uwe mwangalifu unaposema juu ya kufunga. Februari na Machi, katika sehemu zenye msimu mmoja wa mvua kama Dodoma na Singida, ndiyo miezi ambayo ghala limepungua na mavuno mapya hayajafika. Kuna mama kanisani anayekula mlo mmoja kwa siku na hakuchagua kufunga. Ukimhubiria juu ya kujinyima umemwongezea mzigo. Kwa Wakatoliki sheria yenyewe ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani: kufunga ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59, na wagonjwa hawahusiki. Isaya 58 inaugeuza mfungo kuwa suala la mwenye nacho: kumgawia mwenye njaa chakula chako. Katika kigango cha namna hiyo hubiri Isaya 58, na panga na viongozi wa jumuiya ndogondogo debe la mahindi litakwenda nyumba ipi wiki hiyo. Taja kazi, usitaje majina.

Mwaka 2026 Ramadhani inaanza karibu siku ile ile ya Jumatano ya Majivu. Kwa wanaoishi Pwani, Zanzibar au mtaa wowote wenye majirani Waislamu, litajwe kwa heshima. Kulinganisha mfungo wetu na wao, kwa kujisifu au kwa kujidharau, hakumjengi mtu.

Jumapili mbili za kwanza

Jumapili ya kwanza ni majaribu jangwani, Mathayo 4:1-11. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kulifanya somo kuwa mbinu tatu za kumshinda shetani. Lakini masomo yanayoambatana nalo, anguko la Mwanzo 3 na Warumi 5 kuhusu Adamu na Kristo, yanaonyesha wazi kwamba hii ni habari ya ushindi wake Yesu. Majibu yake yote matatu yametoka Kumbukumbu la Torati (8:3, 6:16, 6:13), maneno yanayowakumbusha Waisraeli miaka 40 ya jangwani, walikonung'unikia mkate na kumjaribu Mungu. Yesu anapita njia ile ile na hashindwi.

Kuna jambo moja hapa linalostahili dakika nzima mimbarini. Shetani anaponukuu Maandiko, ananukuu Zaburi ya 91. Ndiyo hiyo iliyobandikwa juu ya milango yetu, kwenye vioo vya magari na chini ya mito ya wagonjwa. Zaburi ni njema na ni Neno la Mungu. Lakini mjaribu anaitumia kama hirizi: jitupe, utadakwa. Yesu anakataa kuitumia hivyo. Sema hili kwa upole, bila kumdhihaki aliyeibandika, kwa sababu aliyeibandika ana hofu ya kweli.

Jumapili ya pili, Wakatoliki husoma kugeuka sura (Mathayo 17:1-9). Wengine husoma Nikodemo (Yohana 3), na kama ndivyo kwenu, mkumbuke, kwa kuwa alimjia Yesu usiku, na wiki inayofuata mwanamke atakutana naye saa sita mchana. Kwa upande wa kugeuka sura inatosha kusema kwamba wanaopanda mlimani, Petro, Yakobo na Yohana, ndio watakaolala usingizi Gethsemane. Walionyeshwa utukufu mapema kwa sababu Yesu aliujua udhaifu wao.

Kisima

Sasa tumefika kwenye moyo wa Mwaka A. Jumapili tatu mfululizo za Injili ya Yohana: maji, mwanga, uhai. Hizi ndizo Kanisa la kale liliwasomea wakatekumeni, na ndizo zinazoambatana na ibada za kuwachunguza na kuwaombea kabla ya Pasaka.

Yohana 4:5-42, Yesu na mwanamke Msamaria kisimani, inaharibiwa na neno moja ambalo halimo ndani yake. Wahubiri wengi wakifika kwenye waume watano wanamwita mwanamke huyu malaya, na kuanzia hapo mahubiri yanakuwa juu ya uasherati wa wanawake. Soma upya. Yesu hamwambii "usitende dhambi tena". Maneno hayo yako Yohana 5:14 na 8:11. Hamsamehi dhambi yoyote iliyotajwa. Anasema tu kwamba amekuwa na waume watano na aliye naye sasa si mumewe. Katika sheria ya Kumbukumbu la Torati 24:1, mwenye kuandika hati ya talaka ni mwanamume. Tena, mwanamke angeweza kufiwa na kurithiwa na ndugu wa marehemu, kama katika kisa cha ndugu saba kwenye Mathayo 22. Nasi tunajua kurithi wajane ni nini. Huenda alikuwa mtenda dhambi. Huenda aliachwa, akafiwa, akaachwa tena. Maandiko hayasemi, na mhubiri asijaze pengo kwa aibu ya mtu mwingine. Kwenye mabenchi kuna wanawake walioachwa ambao wamesikia mahubiri hayo mara nyingi na kujua yanawahusu wao.

Mwaka 2026 Jumapili hii ni 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani. WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) na vikundi vya akina mama watakuwa wameketi mbele wamevaa sare. Somo lenyewe limeshafanya kazi yote, usiliharibu.

Kinachofaa kufuatwa hatua kwa hatua ni majina anayompa Yesu. Mstari wa 9 ni "Myahudi", tena kwa mshangao unaokaribia ukali. Mstari wa 11 ni "Bwana". Mstari wa 19, nabii. Mstari wa 29, je, huenda huyu ndiye Kristo? Na mstari wa 42 mji mzima unamkiri kuwa Mwokozi wa ulimwengu. Imani yake inakua mbele ya macho yetu katika mazungumzo ya mchana mmoja, akibishana na kuuliza. Waambie wakatekumeni kwamba maswali yao hayamchokeshi Kristo.

Na mtungi. Mstari wa 28: "Basi yule mwanamke akauacha mtungi wake, akaenda zake mjini." Usiufanye mtungi kuwa dhambi zake au maisha yake ya kale. Waulize tu wasikilizaji: nani amewahi kuona mama anaacha ndoo yake kwenye foleni ya bomba na kuondoka mbio? Watacheka kidogo, kisha wataelewa ukubwa wa habari aliyokuwa nayo.

Tope

Yohana 9, Yesu anapompaka tope machoni mtu aliyezaliwa kipofu naye akanawa na kuona, ina matukio saba, na Yesu yumo katika la kwanza na mawili ya mwisho tu. Kuanzia mstari wa 8 hadi wa 34 hayupo kabisa. Aliyeponywa anabaki peke yake mbele ya majirani, Mafarisayo, wazazi wake, na Mafarisayo tena. Mahubiri mengi huishia kwenye muujiza wa mstari wa 7, ambao umekwisha kabla somo halijafika robo. Yohana anataka tuone gharama ya kusema ukweli baada ya muujiza.

Mwendo wa majina upo tena: "mtu yule aitwaye Yesu" (11), nabii (17), mtu aliyetoka kwa Mungu (33), na mwisho "Naamini, Bwana" (38). Kila anapobanwa zaidi anaona zaidi. Wanaombana wanakwenda kinyume: kila wanavyojua zaidi, ndivyo wanavyozidi kutoona.

Swali la wanafunzi katika mstari wa 2 ndilo litakalowagusa watu wako: ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Swali hilo linaulizwa kila kijiji. Mtoto akizaliwa na ulemavu, inatafutwa laana ya ukoo, au mama anaulizwa alikosa nini. Tanzania imeona watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani za namna hii. Jibu la Yesu ni la wazi: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Lisome mara mbili. Kuna mzazi kanisani anayehitaji kulisikia kutoka mimbarini kuliko anavyohitaji jambo jingine lolote utakalosema siku hiyo.

Halafu chunga ulimi wako. Mhubiri akisema "tusiwe vipofu" mara kumi, mtu asiyeona aliyeketi mbele yake anasikia kwamba yeye ni mfano wa ujinga. Yesu anatumia kutoona kama picha katika mistari ya 39 hadi 41, mara baada ya kumtetea mtu asiyeona. Fuata mpangilio huo huo: utetezi kwanza.

Usiwaruke wazazi. Wanasema, yeye ni mtu mzima, mwulizeni mwenyewe, kwa sababu waliogopa kutengwa na sinagogi (mstari wa 22). Katekumeni anayetoka familia isiyotaka abatizwe anaijua sauti hiyo. Mstari wa 35 ndio sentensi uliyoiandika kwenye karatasi yako: Yesu alisikia kwamba wamemtoa nje, akamtafuta mpaka akamwona.

Kuhusu "Wayahudi", neno hili limejaa katika Yohana, na Ijumaa Kuu litarudi kwa wingi zaidi. Eleza mapema, wiki hii: Yesu ni Myahudi, mama yake ni Myahudi, wanafunzi wake na huyu aliyeponywa ni Wayahudi. Hapa Yohana anazungumzia wakuu waliompinga Yesu. Kuyatumia masomo haya kuchochea chuki dhidi ya watu wa taifa fulani kumeleta damu nyingi katika historia ya Ukristo, na mhubiri ana wajibu wa kuziba mlango huo.

Kaburi

Jumapili ya tano, Yohana 11:1-45, kufufuliwa kwa Lazaro, utahubiri mbele ya watu waliofiwa. Haijawahi kutokea Jumapili ambayo hawapo. Kwa hiyo anza kwa kuamua utakachokiacha: usiseme "Mungu alimpenda zaidi", usiahidi kwamba imani ya kutosha ingemponya, na usimfanye Lazaro kuwa uthibitisho wa kipato au ndoa iliyokufa itakayofufuka wiki hii. Waliomwombea mgonjwa usiku na mchana, akafa, wanakusikiliza.

Somo lenyewe ni jasiri kuliko mahubiri yetu mengi. Yesu anaambiwa rafiki yake mgonjwa, anakaa siku mbili zaidi alipo. Akifika, maiti ina siku nne kaburini. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, wanamwambia jambo lile lile: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Ni malalamiko, nayo yameachwa ndani ya Injili. Martha anajibiwa kwa maneno, naye anakiri, katika mstari wa 27, kwamba Yesu ni Kristo, Mwana wa Mungu. Mariamu hajibiwi kwa maneno; Yesu analia. Wanaokaa matanga wanaelewa tofauti hiyo vizuri kabisa: kuna mfiwa anayetaka kuzungumza na kuna anayetaka ulie naye.

Onyesha tofauti ya Lazaro na Pasaka. Lazaro anatoka amefungwa sanda, na siku moja atakufa tena. Katika Yohana 20:6-7 sanda zimebaki ndani ya kaburi na Yesu hayupo. Kwa Wakatoliki somo linaishia mstari wa 45, lakini wewe soma hadi wa 53. Humo ndimo baraza linapoamua Yesu auawe, kwa sababu ya Lazaro. Dakika mbili za mwisho za mahubiri zitumie kusema hivyo waziwazi: kumtoa rafiki yake kaburini kunampeleka yeye kaburini. Wiki inayofuata, watu wakishika matawi, watajua kwa nini anaingia Yerusalemu.

Tena Yesu hafanyi yote peke yake. Jiwe linaondolewa na watu, na sanda zinafunguliwa na watu: "Mfungueni, mkamwache aende zake." Kama kigango kina watakaobatizwa, waambie wasimamizi wao kwamba hiyo ndiyo kazi yao baada ya Pasaka. Mwaka unaofuata ubatizo ndio ambao wengi huachwa peke yao.

Usomaji na muda

Injili hizi tatu zina mistari 38, 41 na 45. Yohana 9 kwa usomaji wa kawaida huchukua dakika sita hadi saba. Kanisa la bati lenye joto la Machi au mvua inayopiga juu linahitaji maandalizi. Gawa sauti: msimulizi, Yesu, na watu wengine. Fanyeni mazoezi mara mbili, moja wakiwa wamesimama pale pale watakaposomea, na kipaza sauti kama kipo. Mwonye msimulizi asiigize. Ayatoe maneno polepole. Waumini wazee na wenye watoto waketi baada ya mistari ya mwanzo, hakuna ubaya. Mvua ya masika ikianza kupiga bati, simama, ngoja, endelea. Kushindana nayo kwa kupiga kelele huua somo.

Somo likiwa refu, mahubiri yapungue. Kwa Jumapili ya tatu hadi ya tano, dakika kumi na mbili zinatosha. Mimbarini mtu huongea kama maneno 100 hadi 110 kwa dakika, yaani maneno 1,200 hadi 1,300. Yaandike yote, hata kama utahubiri bila karatasi. Kama kuna mkalimani wa Kisukuma, Kimaasai au lugha nyingine, kata nusu nzima, na usimkatie mkalimani katikati ya wazo: mpe sentensi iliyokamilika, fupi, kisha nyamaza.

Wiki yenyewe igawe. Jumatatu soma Injili tu, bila kitabu cha maelezo. Jumanne andika maswali ambayo mkulima, mwanafunzi na mjane wangeuliza juu yake. Alhamisi andika. Ijumaa ipumzishe, kuna Njia ya Msalaba. Jumamosi ihubiri kwa sauti ukitazama saa, na kila unapojikuta umeongeza "na jambo lingine", kata hapo. Jambo hilo lingine karibu kila mara ni lawama uliyotaka kuitoa tangu mwanzo.

Kenya, Tume ya Haki na Amani ya maaskofu Katoliki hutoa kila mwaka kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima chenye mada ya kila wiki. Ni kazi njema. Ila mada ikisomwa badala ya Injili, watu husikia semina. Injili kwanza, na mada ije kama mahali ambapo Injili hiyo inatua wiki hii.

Juma Kuu

Jumapili ya Matawi Mateso yote ya Mathayo yanasomwa. Dakika nne za mahubiri, au kimya cha dakika mbili, ni bora kuliko ishirini. Ijumaa Kuu vivyo hivyo. Kwenye Kesha, masomo ya Agano la Kale yanaweza kupunguzwa, lakini Kutoka 14, kuvuka Bahari ya Shamu, halirukwi kamwe. Waliobanwa na saa hulikata, na hapo ubatizo unapoteza maelezo yake. Mahubiri ya Kesha yachukue sentensi zako mbili za mwanzo na kuwatazama usoni watakaobatizwa: kisima, tope na kaburi vyote sasa ni vyao.

Na kuna Jumapili ya pili ya Pasaka, ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka ifike. Somo lake ni lile lile mwaka wowote, Yohana 20:19-31, Tomaso. Utakuwa umechoka, kwaya itakuwa haina sauti, na nusu ya watu watakuwa wamesafiri. Andika mahubiri hayo kabla ya Jumapili ya Matawi, uyafungie kwenye kabati, uyatoe Ijumaa baada ya Pasaka.